Mali ya Maiti na Habari Zake: Uhakiki wa Hazina za Makaburini katika Michezo ya Masimulizi

Ipo sanaa moja ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawajaigusa, pengine kwa sababu imejificha ndani ya kitu kiitwacho mchezo. Ni sanaa ya kubuni makaburi. Mtu huketi akaandika kaburi zima: milango yake, vyumba vyake, mitego yake, maiti aliyelala ndani yake, na hasa vitu vya sihiri alivyozikwa navyo. Kisha watu wengine, ambao aghalabu hawamjui mwandishi huyo, hukusanyika mezani wakaliingia kaburi lile kwa maneno matupu. Mmoja wao ndiye msimulizi. Yeye amekisoma kitabu na anajua kilichomo. Waliobaki kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika wake, huyu askari, huyu mwizi, huyu mchawi, akasema alitendalo mhusika huyo. Penye shaka hurushwa dadu, na dadu ikishasema hakuna rufaa.

Msomaji aliyelelewa kwa ngano hatauona mchezo huu kuwa mgeni sana. Hapa pia pana mtambaji na pana hadhira, na pana safari ya kwenda pasipojulikana. Tofauti ni kwamba hadhira ya ngano huitikia, ilhali hadhira ya mchezo huu inaweza kuikataa njia aliyoitaka mtambaji na kushika nyingine. Kwa hiyo mwandishi wa kaburi hawezi kutegemea mfuatano wa matukio kama afanyavyo mwandishi wa riwaya. Hajui nani ataingia, wala chumba gani kitafunguliwa kwanza. Alichonacho mkononi ni vitu: mlango, sanamu, pete, kisu. Vitu hivyo ndivyo sentensi zake. Ndiyo maana suala la hazina katika makaburi haya linastahili kutazamwa kama suala la uandishi, sawa na tunavyotazama uteuzi wa maneno ya mshairi.

Rai ya makala haya ni moja. Kitu kinachozikwa pamoja na maiti ni neno ambalo walio hai walimwambia, au walishindwa kumwambia alipokuwa hai. Mbunifu anayejua ni nani aliyesema neno hilo, na kwa nini, huandika hazina. Asiyejua huandika bei.

Tuanze na kitabu kilichoweka mfano kwa wengine. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa wachezaji uliofanyika Baltimore, Gygax aliwatilia wachezaji mtihani wa kaburi moja, na mwaka 1978 kaburi hilo likatolewa kitabu kwa jina la Tomb of Horrors, yaani Kaburi la Vitisho. Mwenye kaburi ni Acererak, mchawi aliyekataa kufa, ambaye baada ya karne nyingi amebaki fuvu na vumbi. Gygax alikusudia kuwavunja kiburi wachezaji waliojigamba kwamba wahusika wao hawashindiki, na katika hilo alifaulu. Humo ukutani mna uso wa shetani wa kijani uliofumbua kinywa, na ndani ya kinywa mna giza. Anayeingia humo hausalii hata unywele wake. Katika ukumbi wa enzi mna taji na fimbo ya kifalme. Ukilivaa taji, ncha moja ya fimbo hukufungua nalo, na ncha nyingine hukugeuza vumbi papo hapo. Mwisho wa safari lipo fuvu lenyewe, lina yakuti machoni na almasi mahali pa meno, na vito hivyo hunasa roho za wanaothubutu kulisogelea.

Mwisho huo ni mzuri, na mhakiki hana budi kuusifu. Kile mwizi anachokitamani ndicho kaburi la wezi waliomtangulia. Mchezaji anayeiangalia yakuti anahesabu thamani yake, na yakuti nayo inamhesabu yeye. Hazina na maiti na mtego vimekuwa kitu kimoja, na kitu hicho hakiwezi kuwa cha mtu mwingine isipokuwa Acererak, aliyeishi kwa kula uhai wa wenziwe.

Lakini ukiliondoa fuvu, kaburi lote lililobaki ni bubu. Taji lile lilikuwa la nani? Watu gani waliwahi kuinama mbele yake? Kwa nini ncha hii iokoe na ile iue? Kitabu hakina jawabu, wala hakitaki kuwa nalo. Ncha mbili zile zingeweza kubadilishana kazi bila msomaji kupoteza chochote. Mtetezi wa Gygax ataweza kusema kwamba mtu aliyekataa kufa hana wa kumlilia, na kwamba ukimya wa vitu vyake ndiyo maana yenyewe. Hoja hiyo ni nzuri kuliko kitabu. Ingesimama lau mwandishi angetuonyesha mahali pamoja tu ambapo paliwahi kutarajiwa kilio na kilio kisije.

Sababu ya ukimya huo imo katika kanuni za mchezo. Kwa kanuni za mwaka 1974, kila sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa shimoni ilimpa mhusika alama moja ya uzoefu, na kwa alama hizo ndipo alipopanda daraja. Mali ikawa ndiyo njia kuu ya mtu kukua. Vitu vya sihiri navyo viliorodheshwa kwenye majedwali. Msimulizi alirusha dadu, na dadu ikatoa upanga, au dawa, au pete. Toleo la mwaka 2000 lilikwenda mbali zaidi, likavipangia vitu hivyo bei zake kwa sarafu. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika michezo hii mambo yamepinduka: daftari lipo, limepangwa vizuri kwa safu na mistari, na iliyopotea ni habari.

Ili tuone kilichopotea inatupasa tutoke mchezoni kidogo, tuyatazame makaburi ya kweli ambayo michezo hii imeyaiga kwa sura. Misri ya kale imetuachia kumbukumbu za kesi za wezi wa makaburi, za wakati wa utawala wa Ramesses IX, yapata mwaka 1110 kabla ya Kristo. Mwashi mmoja aitwaye Amenpanufer alikiri kwamba yeye na wenziwe walilivunja kaburi la mfalme Sobekemsaf na mkewe Nubkhaas. Waliwavua maiti dhahabu na vito, wakayatia moto majeneza, wakagawana. Hesabu yake imenyooka kama ya mfanyabiashara: wezi 8, kila mmoja deben 20 za dhahabu, jumla yake deben 160, ambazo kwa mizani ya leo ni zaidi ya kilo 14. Habari za kile kilichokuwa kimewekwa pale, na kwa mkono wa nani, ziliungua pamoja na majeneza.

Sasa tuliweke ungamo hilo kando ya kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwezi Novemba mwaka 1922. Mlikuwamo vitu zaidi ya 5,000, na kazi ya kuvitoa ilichukua yapata miaka 10, kwa sababu kila kimoja kilipewa nambari, kikapigwa picha pale pale kilipolala, kikaandikiwa kadi yake. Hatusemi kwamba Carter alikuwa mtakatifu. Mikono yake nayo imeshutumiwa. Tunachosema ni kwamba zipo namna mbili za kuiandika hazina, mizani ya mwizi na kadi ya mchimbuzi. Mizani hutuambia ni kiasi gani. Kadi hutuambia kitu kililala wapi na kando ya nini, na hapo tunaweza kuanza kuuliza kwa nini.

Tukiuliza, kaburi linajibu. Mlikuwamo msokoto wa nywele, umefungiwa ndani ya vijeneza vidogo vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine, na juu yake limeandikwa jina la Malkia Tiye, bibi yake mfalme. Zilikuwamo sanamu ndogo 413 za watumishi, wa kuinuka na kufanya kazi mahali pa bwana wao huko alikokwenda. Pajani pake ililazwa jambia ya chuma, wakati ambapo chuma kilikuwa adimu kuliko dhahabu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chuma hicho kilitokana na kimondo. Chuma kilichoanguka kutoka mbinguni kikawekwa pajani pa kijana wa miaka yapata 19: ni mbunifu gani wa michezo aliyewahi kuandika silaha ya sihiri ipitayo hiyo?

Hata hivyo, kitu kinachotugusa zaidi katika kaburi lile si jambia. Ni ufito wa tete. Umevikwa dhahabu, na maandishi yake yanasema kwamba mfalme aliukata kwa mkono wake mwenyewe. Tete huota kando ya mto wowote, na mwanamaji au mchunga mbuzi angeweza kuukata ufito kama huo bure. Amenpanufer angeibandua dhahabu yake akautupa motoni na majeneza. Lakini aliyeulaza pale alijua kwamba kulikuwa na siku moja, mahali fulani penye maji, mtoto akauona mti ukampendeza akaukata. Na katika mali yote ya ufalme ule mtu huyo hakutaka siku hiyo ipotee. Mbunifu wa kaburi la mchezo anayeutafuta uchawi autafute hapo. Ufito ule haukuhitaji kurusha moto wala kufungua milango. Akitaka aufanye ufanye hayo, na aufanye; lakini moto wake utoke katika siku ile.

Msomaji ataweza kusema kwamba mchezo hauwezi kuwa makumbusho, kwamba wachezaji wanataka hatari, na kaburi bila mtego ni ghala. Ni kweli, na hatutaki mitego iondolewe. Tunataka mitego iseme. Mfano bora tunaoujua hatukuupata Marekani. Umo katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Mji wa Shaba. Musa bin Nusayr na msafara wake, waliotumwa na Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, wanaufikia mji ambao watu wake wote wamekwisha kufa. Ndani ya kasri wanamkuta malkia amelala juu ya kitanda, amepambwa kwa lulu na vito, na macho yake yametiwa zebaki yakang'aa kama ya aliye hai. Kando yake wamesimama watumwa wawili wa sanamu, mmoja ana rungu na mmoja ana upanga. Ubao wa dhahabu unaeleza yaliyowapata: mvua ilikatika, njaa ikaingia, na mali yao yote ikashindwa kuwanunulia chakula. Mwishoni unatoa ruhusa na katazo. Atakayefika achukue mali ya mji kadiri awezavyo, ila asiguse vilivyo mwilini mwa malkia, kwani hivyo ndivyo stara yake ya mwisho. Talib bin Sahl anaona ni upumbavu kuviacha vito vile juu ya maiti asiyevihitaji. Anapanda ngazi, ananyoosha mkono. Sanamu mmoja anampiga, wa pili anamkata kichwa.

Tulinganishe mtego huu na taji la Acererak. Yote mawili huua papo hapo. Lakini taji linaua asiyejua, na sanamu zile zinaua aliyejua akadharau. Katika kisa cha Mji wa Shaba mtego ni wasia. Maiti amesema haja yake kwa lugha inayofahamika, ametoa vingi na kuomba kimoja, na kifo cha Talib kinatufunulia Talib alikuwa mtu gani. Mchezaji anayekufa kwa ncha ya fimbo hatufunulii lolote ila kwamba alikisia vibaya. Kama kuna kanuni moja ambayo wabunifu wangefaa kuitoa katika fasihi ya Mashariki, ni hiyo: mtego uwe neno la maiti, na aingiaye apewe nafasi ya kulisikia kabla halijamwangukia.

Upo mfano mwingine, na huu uko karibu zaidi na wabunifu wenyewe, maana ni kitabu ambacho wengi wao wamekisoma. J. R. R. Tolkien, katika sehemu ya kwanza ya The Lord of the Rings iliyotoka mwaka 1954, anawatia wahusika wake wanne wadogo katika kaburi la kale lenye mzuka. Anayewaokoa, Tom Bombadil, anaitoa hazina nje na kuitandaza juu ya majani ili yeyote apitaye aokote, na kwa kufanya hivyo uchawi wa kaburi unavunjika. Kabla ya kuondoka anachagua pambo moja la kubania vazi kwa ajili ya mkewe, akimkumbuka mwanamke mzuri aliyelivaa zamani. Jina lake hatuambiwi. Inatosha kwamba yupo mtu mmoja duniani anayekumbuka kuwa pambo lile lilikuwa na bega.

Kisha anawapa wageni wake visu vya kale. Vilifuliwa na watu waliopigana na mfalme mchawi wa nchi ya kaskazini wakashindwa, wakazikwa pamoja na silaha zao. Kurasa nyingi baadaye, katika sehemu ya tatu iliyotoka mwaka 1955, kisu kimoja kati ya hivyo, mkononi mwa Merry ambaye hajui alichonacho, kinamchoma mchawi yule yule, kikaivunja sihiri iliyomlinda, na chenyewe kikateketea. Hivi ndivyo kitu cha kaburini kinavyostahili kuwa na nguvu. Nguvu yake ni kazi ambayo maiti hakuimaliza. Upanga wa jedwali hukata zaidi kwa sababu jedwali limesema. Kisu cha Merry kinakata kwa sababu kuna watu waliokufa wakitaka kikate, na adui waliyemtaka yungali hai. Anayekichukua ameingia katika deni bila kujua, na siku ya kulilipa inafika.

Hapa tunafikia swali gumu zaidi: kaburi ni la nani, na hazina ni ya nani? Wazee wetu wengi waliosoma zamani wanakikumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1929 ya riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885. Pangoni mna wafalme wa Wakukuana, wameketi mezani, na maji yanayodondoka kutoka juu yamewageuza mawe mmoja baada ya mwingine. Ni taswira ya kutisha na ya heshima pia. Lakini vuka mlango wa pili uione hazina: meno ya tembo, sarafu, almasi. Vyote vinahesabiwa kuwa vya Sulemani. Wafalme wa nchi, waliokufa na kuketishwa pale na watu wao, wamekuwa mabawabu wa mali ya mgeni, na wanaoondoka na almasi mifukoni ni wageni wengine. Hakuna hata kidani kimoja katika pango lile ambacho Mkukuana alimwekea Mkukuana mwenziwe.

Miaka 132 baadaye, mwaka 2017, ilitoka Tomb of Annihilation, kaburi kubwa la mchezo wa Dungeons & Dragons lililowekwa katika Chult, nchi ya kubuni yenye misitu, iliyochorwa kwa taswira nyingi za Afrika. Kitabu hiki kina jambo jema ambalo halikuwamo katika lile la 1978. Ndani ya kaburi wamelala miungu 9 ya mji wa Omu, na kila mmoja ameacha kitu ambacho roho yake imo ndani. Mchezaji anayekitwaa anapata nguvu ya mungu yule na pia tabia yake, hata kama tabia hiyo inamuudhi. Hapo hazina imepata ulimi. Mtu hawezi kuitia mfukoni akaendelea kuwa yule yule. Lazima sasa aishi na maiti, amchukulie, abishane naye. Kwa upande wa ufundi, hiyo ni hatua ya kweli.

Lakini tuulize tena ni nani aliyelijenga kaburi. Ni Acererak, mgeni yule yule. Ndiye aliyewaua miungu 9, ndiye aliyewalazimisha watu wa Omu kulijenga kisha akawaua, na vyumba vyote vimepangwa kwa akili yake na kwa kejeli yake. Watu wa Omu walioiabudu miungu hiyo hawakupewa nafasi ya kumzika hata mmoja kwa mkono wao. Pango la Haggard limerudi kwa umbo jipya: wafu wa nchi wanatumikia ubunifu wa mtu aliyetoka kwingine. Kosa hili la maana limezaa kosa la fani, kwa sababu ndani ya kaburi kubwa kama lile, lenye miungu 9, hatukuti kitu kilichowekwa kwa mapenzi. Lau mmoja tu kati ya vitu vile ungelikuwa umeingizwa kwa siri na mjenzi, usiku, kinyume cha amri ya bwana wake, kaburi zima lingebadilika maana. Wachezaji wangejua kwamba kulikuwa na mtu.

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza tunahusikaje na haya yote, sisi ambao maiti wetu hawaendi na kitu. Sanda, pamba, karafuu maiti. Mwanandani, kiunza, na udongo. Kwetu kaburi lenye hazina ndani ni jambo la hadithi. Lakini tutazame makaburi ya nguzo ya mwambao huu, Ras Mkumbuu kule Pemba, Kunduchi, Mambrui. Waliohai waliotaka kusema neno hawakulitia shimoni. Walilipachika nje, juu ya nguzo, bakuli na sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka China, ziangaliwe na kila apitaye. Ndani mna mtu na sanda yake, na nje mna kilio na fahari ya jamaa zake. Katika makaburi kadhaa kaure hizo zimebanduliwa, na zilipokuwa yamebaki mashimo ya mviringo. Mashimo hayo yanatuonyesha kwa macho kile tulichokiita mizani ya mwizi: aliyebandua aliondoka na bakuli, na neno lililosemwa kwa bakuli lile halikuweza kuondoka naye. Kwa mbunifu kuna somo la ufundi pia. Hazina haina lazima ya kufichwa. Kitu kilichowekwa mbele ya macho ya wote, na kikaachwa kwa karne kadhaa kwa sababu watu walikiheshimu, kinaweza kumtia mchezaji jaribu kubwa kuliko sanduku lenye kufuli saba.

Itasemwa kwamba tunayoyataka ni mzigo. Kwamba msimulizi hana muda wa kusoma nasaba ya kila pete, na wachezaji wamekuja kufurahi. Tujibu kwa mfano mdogo tunaoubuni hapa. Jedwali limetoa pete inayomtambulisha mvaaji uongo. Ni pete nzuri, ina faida, na inaweza kutiwa katika kaburi lolote. Sasa tuitie katika kaburi la kadhi wa mji wa bandari. Kadhi huyo aliacha mtoto, lakini pete hakuachiwa mtoto. Watu wa mji walimzika nayo. Juu ya mlango wameandika sifa zake kwa herufi nzuri, kwamba mji mzima ulimpenda. Mchezaji anaivaa pete, na mwenziwe anayasoma maandishi kwa sauti. Pete inavuma. Hakuna zaidi ya hapo. Mchezaji amepata kitu chake chenye nguvu kama kanuni zinavyotaka, na kwa mvumo mmoja amejua kwamba mji ule ulichoka kusikilizwa, na kwamba kuna vitu vinavyozikwa kwa mapenzi na vingine vinavyozikwa kwa hofu. Akitoka nayo akaingia mjini, wajukuu wa waliomzika kadhi watakitazama kidole chake. Maelezo yote hayo hayazidi mistari mitano katika kitabu.

Kwa hiyo tunapendekeza mtihani mmoja kwa yeyote anayehakiki au kubuni makaburi ya namna hii, wakiwamo vijana wetu ambao wataanza kuyaandika kwa Kiswahili. Kichukue kitu kutoka kaburi moja ukitie katika kaburi jingine. Ikiwa hakuna kilichoharibika, kitu hicho hakijaandikwa bado. Taji la Acererak linahamishika kwa urahisi. Yakuti za macho yake hazihamishiki. Vito vya malkia wa Mji wa Shaba havihamishiki, maana katazo lake limefungwa navyo. Kisu cha Merry ukikipeleka katika kaburi la watu waliokufa kwa amani, kinakuwa kipande cha chuma. Na ufito wa tete wa Tutankhamun hauwezi kuhamishiwa popote, maana ni siku moja ya mtoto mmoja, na aliyeuweka pale alilijua hilo alipokuwa akiufunga mlango.